Dharura ya kila mwezi

Mama alipiga simu Jumapili usiku, saa tatu kasoro robo. Nilikuwa mbele ya kompyuta nikifunga hesabu za mwezi, kazi ambayo kwa miaka kadhaa sasa naifanya kwa bidii ambayo wenzangu wanaiweka kwenye mpira. Tukasalimiana, tukaulizana hali mara mbili. Akanipa habari za jirani, za goti lake, za mvua iliyokataa kunyesha, na baada ya dakika kama kumi akafika alikokuwa anaelekea tangu aseme haloo: dawa za presha zimebaki za siku nne.

"Lakini siyo haraka, mwanangu."

Mama husema siyo haraka kila mara. Nimeshajua kwamba maana yake ni kesho asubuhi.

Nikatuma palepale, tukaagana, nikarudi kwenye jedwali langu la Excel. Nikaandika tarehe. Nikaandika kiasi. Kwenye safu ya aina ya matumizi nikabonyeza herufi D, na kabla sijaendelea Excel ikanimalizia neno zima: Dharura.

Ilinimalizia kwa sababu nimeliandika mara nyingi mno.

Nikakaa nikilitazama neno lile kwa muda. Hiyo ni wiki sita zilizopita, na tangu siku ile sijawahi kufungua jedwali hilo bila tumbo kunikaza kidogo.

Miezi 31 kati ya 36

Nilichuja jedwali libaki na mistari ya Dharura peke yake. Nina kumbukumbu za miaka mitatu kamili, yaani miezi 36. Nikahesabu miezi ambayo haikukosa dharura hata moja. Nikapata 31.

Nikahesabu upya, maana mtu hupenda kosa liwe la macho.

31.

Orodha yenyewe ilisomeka kama historia ya ukoo. Dawa za mama. Tairi mbili za nyuma. Ada ya mpwa wangu, muhula wa kwanza. Ada ya mpwa wangu, muhula wa pili. Jino langu. Paa la mama linavuja. Simu ya mdogo wangu. Rambirambi. Dawa za mama tena. Niliupitia kila mstari nikijiuliza swali moja tu: hili ningeweza kulijua mapema? Tairi huisha kwa kilomita, na kilomita nilikuwa naziona. Muhula wa pili huja baada ya wa kwanza. Presha siyo mafua, haiishi Ijumaa. Mwisho wa safari nilibaki na mistari minne ambayo kwa haki kabisa iliniangukia bila taarifa, na mmoja kati ya hiyo ni jino, ambalo daktari alishanionya.

Akiba ya dharura ninayo, matumizi ya miezi sita, kama tunavyoambiwa wote. Nikaona kwamba kwa miaka mitatu nimekuwa nikilijaza pipa lenye tundu huku nikijisifu kwamba halikauki.

Sasa, wengi mnaosoma hapa mnaijua hesabu yetu sisi tunaotaka kuacha kazi mapema, sina haja ya kuirudia tangu mwanzo: matumizi ya mwaka, zidisha mara 25, mtaji ukifika hapo mshahara unakuwa jambo la hiari. Tuseme kwa mwaka inaniingia 100: 40 naiwekeza. Nilikuwa najiambia natumia 52. Zile 8 zilizobaki zilikuwa zinaelea hewani, zina jina la Dharura, na dharura kwa akili yangu haikuwa matumizi. Ilikuwa ajali. Nani hupangia bajeti ajali?

Kwa hiyo shabaha yangu ilikuwa 52 mara 25, sawa na 1,300 kwa kipimo hichohicho. Ukidhani mtaji unakua kwa asilimia 5 kwa mwaka juu ya mfumuko wa bei, na unaanza na sifuri, unafika huko baada ya miaka 19 na miezi tisa.

Ukweli ni kwamba natumia 60. Shabaha ni 1,500. Miaka 21 na miezi saba.

Miezi 22 zaidi. Ilikuwa imejificha kwenye neno moja.

Mara mia tatu

Kuna hesabu ndogo ambayo huwa naipenda kuliko zote, na imeniponza. Kama mtaji unatakiwa uwe mara 25 ya matumizi ya mwaka, na mwaka una miezi 12, basi kila unachotumia kila mwezi kinadai mara 300 yake kwenye mtaji. Kumi kwa mwezi inadai elfu tatu. Ukishaiona hesabu hii huwezi tena kutoiona. Inakaa begani kama kasuku.

Nimeitumia kama panga. Niliua malipo ya kila mwezi ya programu ya kuhariri picha ambayo sikumbuki mara ya mwisho niliifungua lini. Niliua kifurushi cha televisheni. Kila nilipokata nilikuwa nazidisha mara 300 na kufurahia jibu kama mtu aliyeokota pesa kwenye koti la zamani. Sijutii, kwa sababu vile vilikuwa vitu ambavyo sikuvihitaji, na mshahara wangu ulikuwa unavilipia kwa mazoea tu.

Jumatatu asubuhi, siku iliyofuata ile simu, nilikuwa njiani kwenda kazini. Sikukusudia. Akili ilijiendea yenyewe ilikozoea. Ikachukua dawa za mama za mwezi, ikazidisha mara 300.

Jibu lilikuwa kubwa. Likanitoka neno ambalo siwezi kuliandika hapa.

Halafu ndipo nikasikia nilichokuwa nafanya. Nilikuwa nimemweka mama kwenye mzani uleule niliowekea programu ya kuhariri picha, na nilikuwa naangalia mshale unasimama wapi.

Sikumwambia mtu. Na wala si kwamba nilifikiria kuacha kutuma, sikufika huko hata kidogo. Ila nilihisi nimeibiwa kitu. Hisia hiyo ndiyo iliyonikaa kooni wiki zote hizi, kwa sababu sikuelewa ni nani ninayemtuhumu.

Nusu asilimia

Ili nieleze nilivyojikamata, inabidi nirudi mwaka jana, nilipobadilisha tarakimu moja.

Ile mara 25 inatokana na asilimia 4, yaani sehemu ya mtaji unayochota mwaka wa kwanza ukishaacha kazi, na asilimia 4 ina mwenyewe. Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, mtu aliyesomea uhandisi wa vyombo vya angani kabla ya kuingia kwenye mambo ya pesa, alichukua takwimu za soko la nchi yake kuanzia mwaka 1926 akajiuliza: mstaafu angeweza kuchota kiasi gani mwaka wa kwanza, halafu kila mwaka akaongeza kulingana na mfumuko wa bei, bila mtaji kukauka ndani ya miaka 30? Hakutafuta wastani. Alitafuta mwaka mbaya kuliko yote. Aliyestaafu mwaka 1966 ndiye aliyepata balaa, maana alikutana na soko lililolala kwa miaka mingi na mfumuko wa bei ambao mwaka 1980 ulivuka asilimia 13. Hata huyo, akichota asilimia 4, angefika miaka 30. Miaka minne baadaye, 1998, maprofesa watatu wa chuo kikuu cha Trinity, Texas, walifanya utafiti unaofanana na huo, na namba ikaota mizizi.

Bengen mwenyewe baadaye aliipandisha hadi 4.5, baada ya kuongeza hisa za kampuni ndogondogo kwenye hesabu. Mimi niliishusha.

Nilikuwa na sababu. Anayeacha kazi akiwa na miaka 45 hahitaji mtaji wa miaka 30 tu, anaweza kuhitaji wa miaka 45. Na takwimu zile ni za nchi moja ambayo karne yake ilikwenda vizuri. Japani, soko la hisa lilifika kileleni tarehe 29 Desemba 1989, na fahirisi ya Nikkei, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za huko, haikukiona tena kilele kile mpaka tarehe 22 Februari 2024. Miaka 34. Mtu alipata mtoto siku ile, mtoto akakua, akaoa, akapata wake, na fahirisi bado iko chini.

Lakini kilichoninyima usingizi hasa ni mpangilio wa miaka. Chukua watu wawili, kila mmoja ana 100, kila mmoja anachota 5 mwanzoni mwa mwaka. Wa kwanza soko linamwangukia kwa asilimia 30, halafu linapanda 10, halafu 30. Wa pili anapata miaka ileile kwa kinyume: 30 juu, 10 juu, halafu 30 chini. Wasingechota chochote, wote wawili wangemaliza sawasawa na 100.1. Kwa kuwa wanachota, wa kwanza anabaki na 81.4, wa pili 87.7. Hiyo ni miaka mitatu tu. Kosa la wa kwanza ni kustaafu siku aliyostaafu.

Basi usiku mmoja mwaka jana nikaingia kwenye kile kisanduku, nikafuta 4, nikaandika 3.5. Mara 25 ikawa karibu mara 29. Tarehe ya uhuru wangu ikasogea mbele, nikaitazama inavyosogea, na nikajisikia mtu mzima, mwenye busara, anayejua dunia ilivyo. Nikalala vizuri.

Wiki tatu zilizopita, nikiwa bado na lile donge la mama, nikapata wazo la kupima ile tarakimu iligharimu nini. Matumizi 60, asilimia 3.5, shabaha 1,714. Kwa kasi ileile ya kuweka akiba, unafika baada ya miaka 23 na miezi mitano.

Miaka 21 na miezi saba, mpaka miaka 23 na miezi mitano.

Miezi 22.

Nilidhani nimekosea fomula, nikaifanya upya kwa kalamu. Ni bahati tu ya tarakimu zangu, wewe ukiweka zako utapata kingine. Lakini kwangu mimi, hofu yangu ya soko na watu wote wanaonitegemea walikuwa na uzito mmoja kabisa kwenye mizani. Hofu niliipa miezi 22 ya maisha yangu usiku mmoja, bila kuulizwa na mtu, nikaiita busara. Mama, mpwa na mdogo wangu walipodai miezi 22 ileile, niliona nimeibiwa.

Nilifunga kompyuta nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Kitenzi kimoja

Tunasema kujitegemea kifedha. Nimelisema neno hilo mara ngapi humu? Na kila mara nimelisema kama vile lina mtu mmoja tu ndani yake.

Lakini ligeuze kidogo. Kutegemea. Kujitegemea. Kutegemewa. Ni kitenzi kimoja kinabadilisha nguo. Jedwali langu lilikuwa na nafasi ya kile cha katikati peke yake.

Tena hata hicho cha katikati, nikikichunguza, hakisimami kwa miguu yake. Mtaji wangu mwingi uko kwenye mfuko wa fahirisi, ule unaonunua kipande kidogo cha kila kampuni iliyomo kwenye orodha. Siku nitakayoacha kazi, gawio litakalonilisha litatoka wapi? Litatoka kwa watu elfu nyingi ambao sitawahi kuwaona, ambao asubuhi hiyo wameamka, wakapanda basi, wakaenda kazini. Mtu wa zamu ya usiku kiwandani. Mtu wa mapokezi. Wakigoma wote wiki nzima, uhuru wangu unaugua. Ninachokiita kujitegemea ni kuwategemea watu ambao hawana namba yangu ya simu.

Hilo si dhambi. Ila linanipunguzia kiburi.

Na mama? Mama hakuwahi kuwa na mfuko wa fahirisi. Alichokuwa nacho alikiweka sehemu moja, bila kutawanya hatari hata kidogo, kinyume na kila ushauri ninaoutoa humu. Alikiweka kwangu. Ada, sare, nauli, miaka kumi na zaidi, na hakuna karatasi iliyosainiwa. Hivyo ndivyo uzee ulivyobebwa karibu kila mahali kabla serikali hazijaanza kuingia. Sheria ya Ujerumani ya pensheni ya uzee, ya wakati wa Bismarck, ni ya mwaka 1889, na hata hiyo ilimsubiri mtu afike miaka 70. Kabla ya hapo mtu alikuwa na watoto, au alikuwa na nguvu za mikono, au hakuwa na kitu.

Kwa hiyo mimi ndiye hatifungani ya mama, mkopo unaolipwa baadaye kwa tarehe yake, na imeiva. Nami nilikuwa nayaandika malipo yake chini ya Dharura.

(Kitu kimoja lazima nikiri kuhusu mfuko huu wa mama: hautozi ada ya usimamizi. Mifuko mingine inayokata asilimia 2 kila mwaka inakula sana. Asilimia 5 kwa miaka 30 inazidisha pesa mara 4.3. Ikikatwa 2, ikabaki 3, inazidisha mara 2.4. Zaidi ya nusu ya faida yako imekwenda na ada. Kagua ada ya mfuko wako leo, halafu tuendelee.)

Nilipomwambia mdogo wangu sina

Mtu anaweza kusoma mpaka hapa akadhani nasema toa tu, toa, Mungu atajaza. Hapana. Nimeshawahi kutoa mpaka nikaanza kukopa, na aliyekopa ili atoe anawabebesha wengine mzigo wake baadaye. Pia niliwahi kukaa miezi mitano bila kazi, na katika miezi hiyo dawa za mama hazikukosa hata mara moja, kwa sababu ya ubahili uleule ambao ndugu wananicheka nao. Akiba ililisha nyumba mbili. Hilo silisahau.

Lakini kuna hili la mdogo wangu.

Miaka miwili iliyopita alinipigia, akazunguka sana kabla ya kusema. Alikuwa amekopa kwenye programu ya mikopo ya simu, riba asilimia 10 kwa mwezi, na anashindwa. Wengi wetu tukisikia 10 kwa mwezi tunazidisha na 12 tunasema 120 kwa mwaka. Ikilimbikizwa juu ya riba yake yenyewe ni 214. Deni la 100 baada ya mwaka ni 314.

Akaniomba nimsaidie kulimaliza.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, sasa hivi sina."

Nilikuwa nayo. Ilikuwa kwenye safu yenye kichwa cha habari Uhuru, inanisubiri huko kwa asilimia 5. Kwa akili yangu pesa iliyoingia safu ile ilikuwa imeshakufa na kwenda peponi, haigusiki. Na mnajua neno "sina" lilivyo, tunalitumia wote na hakuna anayelihesabu kuwa uongo.

Miezi sita baadaye alinipigia tena, safari hii bila kuzunguka, kwa sababu walianza kuwapigia watu waliomo kwenye simu yake. 100 ilishakuwa 177. Nikalipa. Nililipa 177 kwa kuwa sikutaka kulipa 100, ili nisiitoe pesa mahali ambapo katika miezi hiyo sita ilikuwa imezaa mbili na nusu. Nenda kokote duniani na mtaji wako, hakuna soko litakalokupa kwa uhakika kile ambacho kulipa deni lile siku ya kwanza kungetupa. Ila faida yenyewe isingeonekana kwenye jedwali langu. Ingeonekana kwenye lake, na yeye hana jedwali.

Baada ya kumaliza alinishukuru vizuri, kwa heshima, kama mtu anavyomshukuru mgeni. Halafu akasema, "Kaka, wewe pesa zako unaziheshimu sana."

Sikumjibu. Bado sijamjibu, na nimejaribu majibu mengi bafuni.

Tangu hapo nina kanuni mbili ambazo sizijui kama ni sahihi. Simkopeshi ndugu: ama natoa, ama nasema hapana, na nikitoa naifuta kichwani. Na deni la riba ya namna ile, la yeyote aliye karibu nami, nalihesabu kama langu kabla halijapata mtoto. Ya pili inanitisha, kwa sababu sijui duara la walio karibu linaishia wapi. Shemeji yumo? Binamu? Nimemwuliza mke wangu, naye ameniambia nisimuulize swali ambalo jibu lake nitalitumia kama ngao.

Kisanduku cha mwaka

Wiki iliyopita nikaamua kulitengeneza jedwali upya. Dharura nimeiacha, lakini sasa ina mistari minne tu kwa miaka mitatu, na inatoka kwenye akiba yake. Vingine vyote nimevihamishia kwenye mstari mpya. Nilihangaika na jina. Nikaandika Familia, nikafuta. Nikaandika Wajibu, nikaona linanuna. Mwisho nikaandika Watu.

Halafu nikakumbuka jambo ambalo kiufundi ni la kweli, na ambalo ningewashauri ninyi bila kusita. Kuzidisha mara 25 ni kwa gharama ambayo haina mwisho unaoonekana. Gharama yenye mwisho haistahili kuzidishwa hivyo. Ada ya mtoto aliyebakiza miaka kumi ya masomo, kwa mtaji unaokua asilimia 5, inahitaji chini ya mara 8 ya ada ya mwaka. Ya miaka 20 inahitaji kama mara 12 na nusu. Anayezidisha kila kitu mara 25 anajiongezea miaka ya kazi bila sababu.

Kwa hiyo nikaongeza safu. Gharama, kiasi, na mwaka wa mwisho. Kwa kila mstari wenye mwaka, fomula inapiga hesabu ya miaka iliyobaki peke yake.

Ada ya mpwa: miaka sita. Nikaandika, tarehe ikarudi nyuma kidogo. Mkopo wa gari: miaka miwili. Ikarudi tena. Paa la mama, la mwisho kabisa natumaini: mwaka huu. Nilikuwa naburudika kwa kweli, ile raha ya usiku ambayo watu wa hesabu tunaijua.

Nikafika dawa za mama. Kiasi nikakiandika. Nikahamia kisanduku cha pili, mwaka wa mwisho.

Mshale ukawa unapepesa.

Mama ana miaka 71. Kuna majedwali ya umri wa kuishi, nayajua, kampuni za bima zinayatumia kila siku na hakuna anayelia. Nikaandika tarakimu mbili za mwanzo za mwaka. 20. Hapo ni salama, kila mtu yumo kwenye 20. Nikabonyeza tarakimu ya tatu, nikaifuta. Nikasimama, nikanywa maji, nikarudi.

Nikasema basi, nitakiacha wazi. Nikabonyeza Enter kuteremka mstari wa chini.

Kisanduku kitupu Excel inakisoma kama sifuri. Miaka iliyobaki: hakuna. Fomula ikaitoa gharama yote ya mama kwenye hesabu, na ile tarehe iliyoko juu kabisa ya ukurasa, ambayo mwenyewe niliipa rangi, ikaruka kuja karibu yangu na kugeuka kijani.

Nilikaa na ile rangi ya kijani kwa muda ambao sikuupima.

Halafu nikaifuta fomula ya mstari ule, ule mmoja tu, nikarudisha kuzidisha mara 25, hesabu ya kizembe, ile ya gharama isiyo na mwisho. Tarehe ikarudi mbali ilikokuwa, ikawa nyeusi. Nimekwishaipitia mara tatu na naijua kasoro yake. Kwa mujibu wa jedwali langu, mama hafi.

Jumapili hii atapiga. Nimeshatuma ya mwezi ujao, na hajui bado.